Nyufa Nilizochora Mwenyewe

Mtaa ule niliuchora mara tatu, na mara zote tatu nilikuwa na uhakika nao. Wanaonijua watashangaa. Mimi ndiye mwanafunzi aliyekuwa akinyoosha mkono wakati profesa ameshafunga begi lake. Baba huwaambia wageni, "Huyu hata ukimuambia mvua iko inanyesha, atatoka kwanza inje alowane ndiyo akubali." Nimetilia shaka vitabu, mapadri, redio na madaktari. Karatasi niliyochora mwenyewe sikuitilia shaka hata siku moja, na kwa ajili hiyo watoto zaidi ya thelathini, mmoja wao wa kaka yangu, walianza kuketishwa mezani chini ya ukuta uliokuwa ukisukumwa na mlima.

Kazi yenyewe ilikuja hivi. Mfanyabiashara mmoja, aliyeanza zamani na duka la vitambaa pale Nyawera, mjini Bukavu, alinunua shamba la migomba kwenye mteremko unaoshuka ziwani, upande wa barabara ya kwenda Mudaka. Alitaka kujenga humo parke ya watoto: bembea, gurudumu kubwa la kuzunguka, treni ndogo, na katikati mtaa wa kutembea kwa miguu, wenye nyumba za mfano. Mimi nilikuwa nimemaliza masomo ya usanifu wa majengo na nilikuwa nakaa tu nyumbani. Mjomba wangu alimfahamu. Nikapewa mtaa.

Mchoro wa kwanza ulitoka katika simu yake. Alinionyesha picha ya parke moja ya ng'ambo, nyumba zenye mapaa yaliyochongoka na theluji juu.

"Binti yangu, unaona? Nataka kama hii."

"Na theluji, Patron?"

"Na theluji. Tutapaka rangi nyeupe juu ya manjanja, mabati ya paa lote."

"Batoto ba huku habajue theluji."

"Ndiyo juu ya ile batakuja!"

Nilichora. Nilijiambia kwamba mteja ana haki ya ndoto yake. Mchoro ule ulikaa ukutani kwake majuma mawili, hadi marafiki zake walipofika kunywa baada ya misa, wakamcheka. Walisema parke inapaswa kufundisha utamaduni. Basi mchoro wa pili ukawa kijiji cha nyumba za nyasi, na kinu, na zizi lisilo na ng'ombe. Nilipouweka mezani niliuliza nani atakuja kuuona. Siku za sikukuu wangekuja watu wa Nyangezi na wa Mudaka, ambao babu zao waliacha nyumba za nyasi mara tu walipoweza, na hakuna mjukuu ambaye angelipa ili arudishwe humo. Patron alikuna kidevu. Akasema, "Bon, sasa wewe unataka nini?"

Sikuwa najua. Nilienda mjini kutembea, nikiwa na hasira, na huko katikati ya Bukavu nikaanza kuangalia juu. Sisi tunaopita kila siku huangalia chini, kwa sababu ya mashimo na pikipiki. Juu kulikuwa na zile nyumba za zamani zenye kona za mviringo kama sabuni iliyotumika, madirisha ya duara kama ya meli, na vipaa vyembamba vya zege vinavyotokeza juu ya milango. Nyingi zimefunikwa sasa: huyu ameweka vioo vya buluu, yule amebandika vigae. Mzee mmoja aliyekuwa mpiga picha aliniazima picha zake, alizozihifadhi ndani ya bahasha kubwa ya radiografia ya hospitali. Kutoka humo nikapata duka la dawa, kinyozi, studio ya picha, sinema, na duka la mkate. Huo ndio ukawa mchoro wa tatu: Bukavu ya wakati wazee wetu walipokuwa vijana.

Patron aliuangalia. Kisha akaweka kidole kwenye mlango wa sinema.

"Hapa ndipo papa alikuwaka ananinunuliaka njugu," akasema. Akakubali.

Bado naupenda mchoro ule, na hilo linanitisha. Sakafu ya chini ya kila nyumba ilikuwa ya kimo cha kawaida, ili mtu mzima asijione jitu. Ya juu niliipunguza kwa theluthi moja, madirisha na vipaa pamoja, hivyo mtoto akiinua macho aone nyumba imepanda mbali sana. Mtaa niliupinda kidogo katikati ili mwisho wake usionekane ukiingia. Rangi nilizipata kwa kukwaruza kuta za kweli kwa ukucha: ile manjano iliyochoka, na kijani cha sombe, majani ya muhogo yaliyopikwa.

Lakini mteremko ni mteremko. Upande wa chini nyumba za mfano zilisimama zenyewe, nyembamba kama ubao wa shule. Upande wa juu mlima ulikatwa wima, na ilibidi ujengwe ukuta mnene wa mawe wa kuzuia udongo. Patron akauliza, "Sababu gani tujenge kuta mbili?" Alitaka ukuta ule wa kuzuia udongo ndio uvikwe nyumba: milango ya kuchora, madirisha ya kuchora, vipaa vya kushikiza. Niliona ni akili. Duka la mkate peke yake lilipata chumba cha kweli, kilichochimbwa ndani ya mlima kando ya ukuta, chenye mlango wa mbao unaofunguka.

Mawe yalipangwa na fundi mmoja wa Nyangezi, mzee mkavu mwenye vidole vilivyopasuka kwa simenti, aliyejenga kuta za namna ile maisha yake yote. Alipofika mita moja kutoka chini aliacha matundu, moja kila hatua tatu. Mvua ya kwanza ilipokuja, matundu yale yalitoa maji ya matope mbele ya duka langu la dawa.

"Muzee, haya matundu inaharibu fasadi, uso wa nyumba," nikamwambia.

"Dada, ukuta ni kama mutu. Inapaswa kukojoa."

Vijana wa kubeba mawe wakacheka. Mimi sikucheka.

"Nimechora mufereji nyuma ya ukuta. Maji itapitia kule."

"Na karatasi yako inakojoaka?"

Walicheka zaidi. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na sita mwenye kofia ya plastiki, na niliona uso ukiniwaka. Nikasema kwa Kifaransa, kwa sauti ya ofisini, kwamba plani imeshakubaliwa. Mzee akaniangalia, akachukua mwiko, akaziba matundu yote. Mfereji wa nyuma ulianza kuchimbwa juma lililofuata. Nilikuwa na malaria. Niliporudi, nyuma ya ukuta palikuwa pamesawazishwa na nyasi zimepandwa, na msimamizi akaniambia, "Ilishaisha." Sikuchukua hata fimbo nichome udongo nione. Baadaye ndipo nilipojua kwamba walichimba hadi katikati, wakakuta mwamba, wakafunika.

Ukuta ulipopakwa rangi, mama mzazi wa patron, aliyeishi katikati ya mji tangu usichana wake, aliletwa aone. Alitembea polepole kutoka mwanzo hadi kwenye kona.

"Ni muzuri," akasema. "Lakini iko mupya sana. Kwetu haikukuwaka hivi. Nyumba zetu zilikuwaka na uso."

Alisema kweli. Mtaa ulionekana kama sanduku la biskuti. Nikakaa tena mezani, nikachora uzee: michirizi ya mvua chini ya madirisha, plasta iliyobanduka, na nyufa. Kila ufa niliuchora mahali pake kwenye plani, nikaupa herufi. Tulimleta mchoraji wa vibao vya maduka kutoka Nyawera, mtu aliyezoea kuchora vichwa vya nywele na sahani za kuku, na kumbe alikuwa na jicho la ajabu. Kila ufa aliupa kivuli upande mmoja na mwanga upande wa pili, hadi mke wa patron akakataa kuegemea.

"Mi nalipa simenti ya mupya, weye unanichorea magonjwa!" patron akafoka. Lakini alinyamaza siku ya ufunguzi, alipoona watu wanavyofanya. Walipanga foleni mbele ya ufa mkubwa wa studio ya picha, ule niliouita D, wakaweka mikono ukutani kama wanaousukuma usianguke, wakapigwa picha. Bibi arusi na bwana wake walisukuma. Watawa wawili walisukuma, mmoja akijishika tumbo kwa kicheko. Mtoto wa kaka yangu, mwenye miaka tisa, alisukuma kwa mgongo na ulimi nje.

"Tantine, niache? Ikianguka ni juu yako!"

"Acha," nikasema, na nilijisifu moyoni.

Nimezaliwa Kadutu, juu, pale ambapo miguu ya nyumba ya jirani iko usawa wa paa lako. Nilipokuwa shule ya msingi, nyumba moja chini yetu iliondoka asubuhi ya mvua, mbao na mabati na vyungu, na ikabaki ngazi yake ya mawe peke yake, inayoelekea kusikokuwa na kitu. Mwenye nyumba alinusurika kwa sababu alikuwa bombani, akichota maji. Kwa miaka mingi, mvua ikianza, mama alikuwa anatembea nyumba nzima akigusa kuta kwa kiganja, kama mtu anayepima homa. Nilimcheka nilipofika chuo. Nilimwambia udongo una hesabu zake.

Parke ilipita karibu msimu mzima wa mvua imejaa watu. Kisha, kuelekea mwisho wa mvua, patron akaukodisha mtaa kwa familia za watoto wa komunyo ya kwanza ya parokia moja ya mjini. Baada ya misa ya Dominika, watoto wangekuja na nguo zao nyeupe, wapigwe picha, kisha meza zipangwe upande wa juu, kwenye kivuli cha ukuta, wapate chakula hapo. Mtoto wa kaka yangu alikuwa miongoni mwao. Shemeji yangu, mama yake, alikuwa ameshamshonea gauni.

Jumatano ya juma lile nilienda kupima nafasi ya meza. Mwanamke anayepangishwa duka la mkate, mama mnene mwenye sauti kubwa, naye wa Kadutu, alikuwa anapigana na mlango wake kwa bega.

"Dada architecte, mulango yako hii inanikataa. Fundi wa mbao ameiranda mara mbili mu mwezi moja. Leo imekataa tena."

"Ni mvua, maman. Mbao inakunywa maji, inavimba."

"Juu inakwama, chini inafunguka. Mbao gani ile inavimba upande moja?"

"Nitamutuma fundi wa mbao tena."

"Mumutume. Atamaliza mulango yote kwa randa, nitabakia na kitasa."

Nilicheka, nikaendelea kupima. Nilipofika mbele ya studio ya picha nilichuchumaa kusoma utepe. Sisimizi mmoja alikuwa anatembea ukutani, kwenye tumbo la ufa mmoja mwembamba unaoteremka kutoka dirisha la duara. Nilimfuata kwa macho bila sababu. Akafika katikati ya ufa, akageuka, akaingia ndani.

Nilingoja atoke. Hakutoka.

Niliweka ukucha pale alipopotelea. Ukucha ukaingia. Kushoto kwangu kulikuwa na D, na E, na vitoto vyao, rangi tupu, laini chini ya kidole. Huu ulikuwa unafanana nao kabisa. Ulikuwa na kivuli upande mmoja na mwanga upande wa pili, kwa sababu jua lilikuwa linaupatia vyote viwili bure. Nilikuwa nimepita mbele yake sijui mara ngapi. Niliwahi kujisemea, nafikiri, kwamba mchoraji aliongeza mmoja.

Nilirudi nyumbani, nikachukua plani, nikarudi tena kwa pikipiki. Nilitembea ukuta mzima na karatasi mkononi, nikisoma herufi moja moja na kugusa ufa mmoja mmoja, huku wageni wakidhani ni mchezo mwingine wa parke. Plani ilifika herufi ya mwisho, na ufa ule haukuwa na herufi. Nyuma ya kipaa cha sinema nikakuta wa pili usio na herufi. Nilimpigia simu mzee wa Nyangezi.

Alifika Alhamisi na kipande cha kioo cha dirisha. Alikata vijiti viwili vya kioo, kimoja kwa kila ufa, akavilaza kwa kukingama, akavigandisha ncha zote mbili kwa simenti.

"Hii jina yake ni shahidi," akasema. "Ukuta ikitembea hata unywele, kioo inavunjika. Haijue kudanganya."

"Na kisha?"

"Kisha unakimbiza batu."

Hakutaja matundu. Nilitamani ayataje, anitukane mbele za watu. Alifuta mwiko wake kwa jani, akaondoka.

Ijumaa vioo vilikuwa vizima. Nilienda mara nne. Kila mara nilijiona mjinga zaidi, na kila mara hofu ilikuwa imeongezeka. Nilikuwa naiogopa ile kazi ya kuinama kuangalia. Jumamosi mvua ilinyesha kuanzia saa sita mchana, ile mvua nzito inayoficha ziwa lote. Nilikaa chini ya paa la treni ndogo. Ilipopungua nilikwenda. Kioo cha sinema kilikuwa kizima. Cha studio ya picha kilikuwa kimekatika katikati, mkato mmoja safi.

Patron alikuja na mwavuli. Alivaa miwani, akasogea, akaangalia kioo, kisha akarudi nyuma hatua kadhaa na kuangalia ukuta wote: nyufa zote zile, vivuli vyote vile.

"Binti yangu," akasema polepole, "weye mwenyewe ulinichorea nyufa mpaka nikachoka kuhesabia. Leo unanionyesha moja, unalia."

"Ile haiko ya kuchora, Patron. Gusa."

Aligusa. "Ni plasta. Plasta inapasukaka."

"Na kioo?"

"Batu bangapi banasukuma huu ukuta kila siku kwa mafoto? Mutu amegonga kioo yako na kiwiko. Unaweza kuapa kama hapana?"

Nisingeweza kuapa. Hapo ndipo akili yangu ya maswali ilipoenda upande wake. Usiku mzima iliniuliza: uliona kikivunjika? Ulikuwepo? Kioo kimoja ni ushahidi? Kingine mbona kizima? Kila swali lilikuwa la haki, na kila moja lilikuwa linawasogeza watoto karibu na ukuta. Nilimpigia shemeji, nikamwambia asimlete mtoto. Akauliza kwa nini. Nikasema ukuta unanitia wasiwasi.

"Ukuta yako?" akasema. "Ile uliyotuonyesha kwa simu mwaka muzima?"

Dominika kulikuwa na jua. Walifika kwa magari na pikipiki, wasichana wakiinua magauni juu ya matope, wavulana wakiwa na utepe mweupe mkononi, mama zao na vitenge vya sare. Meza zilikuwa zimeshapangwa, vitambaa vimeshatandikwa, migongo ya viti imegusa ukuta. Nilisimama kwenye kona ya mtaa nikanyoosha mikono miwili kama polisi wa barabarani.

"Bamaman, musipite. Ukuta hii inaweza kuanguka."

Wakacheka. Walicheka kwa upole, kama watu wanaoingia mchezoni. Mmoja akaita mume wake, "Kuya na simu, banaanza na teatre!" Watoto watatu walinipita chini ya mikono, wakakimbilia D, wakaanza kusukuma wakipiga kelele. Niliwashika mabega nikawavuta nyuma, na mmoja alipoona uso wangu akaanza kulia, na ndipo mama yake akakasirika.

"Weye ni nani wa kumukamata mutoto wangu?"

"Ni mimi nilichora huu ukuta."

"Basi kama ulichora, unaogopa nini? Unaogopa rangi?"

Niliwaonyesha ufa. Waliona ufa kati ya nyufa. Niliwaonyesha kioo. Waliona kipande cha kioo kilichovunjika, na mmoja akasema kitawakata watoto, kiondolewe. Patron alikuwa anakuja kutoka getini, akitembea haraka, akitabasamu kwa wote isipokuwa mimi. Mtoto wa kaka yangu alikuwa ameshakaa. Alikuwa kiti cha tatu kutoka dirisha la duara, mgongo ukutani, akijipepea na kitabu cha sala.

Ndipo mama wa mkate akatoka dukani kwake, mikono imejaa unga.

"Ni nani hapa analalaka Kadutu?" akauliza kwa nguvu. "Ao Panzi? Ao popote kwenye mulima? Kuya mutu moja anifungie hii mulango."

Akina mama wakaangaliana. Mmoja mwembamba, mwenye mtoto mgongoni, alisogea, akausukuma mlango. Ukakwama juu. Akausukuma tena kwa bega. Akachuchumaa, akaangalia nafasi iliyobaki chini, pana kona moja na finyu kona nyingine. Akapitisha mkono katika ile nafasi, kisha akainuka.

"Tangu lini?" akauliza.

"Tangu mwezi moja. Bameranda mara mbili."

Yule mwanamke alikwenda mezani, akamshika mtoto wake wa komunyo mkono, akatoka naye mbio kuelekea getini, bila kuchukua mkoba wake. Nilimwona mama yangu katika mgongo ule. Nilikumbuka ni lini aliacha kugusa kuta akatutoa nje: siku mlango wa jikoni ulipokataa kufunga. Kila mtu aliyekulia kwenye mlima anajua hilo: udongo ukisogea, mlango ndio wa kwanza kukwama. Mimi nililijua kabla sijajua kusoma plani, na Jumatano nilikuwa nimemwambia mwanamke mzima kwamba ni mbao.

Waliinuka meza kwa meza, kila mmoja na wake, na vitambaa vikabaki. Baba mmoja wa mjini, mwenye suti, aliendelea kusema "Lakini ni nini? Ni nini?" na mke wake akamvuta kwa tai. Patron alifika wakati viti viko vitupu. Alitaka kunipigia kelele, mdomo ulikuwa umeshafunguka, lakini alikwenda kwanza kwenye mlango, akaujaribu mwenyewe. Aliujaribu mara mbili. Kisha akaenda kukaa kwenye bembea, mbali, hadi watu wote walipotoka.

Sherehe ilimalizikia nje ya geti, kando ya barabara. Mama wa mkate alitoa mabeseni yake, akauzia humo. Hakuna kilichoanguka. Jua liliwaka mchana kutwa, ukuta ukasimama na rangi zake zote, mzuri, na nilisikia watu wakianza kusema, kwanza kwa sauti ndogo, kwamba yule binti ana kichwa kibovu. Nilikaa nikiutazama kutoka upande wa pili. Sehemu yangu moja ilikuwa inauomba uanguke. Naona aibu kuandika hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Jumatatu asubuhi mzee wa Nyangezi alikuja na nondo na nyundo. Alituambia tusimame mbali, akatoboa tundu moja, la mwisho kabisa, mahali ukuta ulipokuwa mfupi. Akaruka pembeni. Maji yalitoka kama yanarushwa na mtu, mekundu, mazito, yakavuka mtaa na kugonga nyumba ya kinyozi ya upande wa pili. Yalitoka hadi saa nne. Aliposogea kupima kwa uzi na jiwe, ukuta ulikuwa umelala mbele kwa upana wa kiganja changu, pale pale kwenye studio ya picha. Patron aliuangalia ule uzi unavyoning'inia mbali na ukuta. "Ibomolewe," akasema. Walianza juu, jiwe kwa jiwe, siku kumi na mbili. Sikulala vizuri hata siku moja ya zile.

Mzee alinikuta siku moja nikisoma plani. Nilimwambia, "Muzee, nilikosea juu ya matundu."

"Najua," akasema. "Na mi nilikosea. Nilijua, nikaziba."

Shemeji hajanisamehe. Picha ya komunyo ya mtoto wake ilipigwa barabarani: gauni lina matope hadi magotini, nyuma yao kuna pikipiki tatu na bango la bia, na mtoto amenuna. Wenzake wamenuna pia, mistari miwili, wengine wamefumba macho kwa jua. Ameitundika ukutani sebuleni kwa sababu hana nyingine. Kila nikienda kula kwao ananiambia, "Ukuta haikuanguka."

Namjibu kwamba ni kweli, haukuanguka. Kisha, akigeuka kuchukua sahani, nawahesabu tena watoto wa ile picha, mstari wa mbele na mstari wa nyuma, wote wapo, na mtoto mwenyewe ananiita kutoka jikoni, "Tantine, unakula ao unaangalia ukuta?"